Samaki wa Kalinga Hadanganyi

Samaki alipinduka tumbo juu ndani ya karai kabla Liberatus hajafuta povu la pombe midomoni.

"Umeona?" Kalinga alisema. "Huyo wa tatu!"

Liberatus, balozi wa nyumba kumi wa TANU pale Ipogolo, ndiye aliyeuleta ulanzi, mtamu, wa mianzi yake mwenyewe. Severina, mke wa Kalinga, aliupokea mlangoni kama desturi, akaenda kuuchuja jikoni, akautenga mbele ya wanaume. Mleta pombe huonja kwanza ili kuondoa shaka. Liberatus hakuonja, alikunywa kata nzima.

"Basi mimi mbona sijafa?"

"Utakuwa umekula kinga."

"Kinga ya nini, mwanaume we! Mimi na wewe tumechunga mbuzi pamoja!"

Kalinga hakusikia. Jasho lilimtiririka, na baridi ya Iringa ile. Zamani alikuwa mnywaji wa kunywa mpaka kibuyu kiombe radhi, na akilewa hata mbwa walihama ua. Ila masika yaliyopita kaka yake Danieli alikunywa kilabuni, akalala, hakuamka. Hofu ikamng'ang'ania Kalinga kama kupe. Hapo Severina akamsimulia aliyoyasikia: kule Chunya wachimba dhahabu hawanywi kitu wasichokijua mpaka wamwonjeshe samaki kwanza.

Tangu hapo Kalinga alifuga perege wa mto Ruaha Mdogo ndani ya karai. Pombe ikija, kata moja humo. Perege wa kwanza aliuawa na ulanzi wa kilabuni, wa pili na wa shemeji yake. Na sasa huyu, kwa mkono wa rafiki!

"Mpe mbuzi basi, tuone," alisema Liberatus.

Beberu akaletwa. Akalikausha karai, akapiga chafya, akamkimbiza jogoo uani, akarudi kuomba nyingine.

"Haya! Mzima huyo!"

"Mbuzi anakula kamba, anakula sabuni," Kalinga alisema. "Hana akili hata ya kufa. Samaki damu yake nyepesi, hadanganyi."

"Usiguse, Baba Juliana," Severina alisema taratibu, macho chini. "Ukifa wewe, sisi tutakwenda wapi?"

Ipogolo nzima ilikuwa inamtaka roho! Kalinga akafanya ishara ya msalaba. "Mungu shahidi, mimi na pombe basi. Ya kilabuni, ya kwako, hata ya kipaimara cha mwanangu. Mama Juliana, kamwage sumu hiyo mbali!"

Liberatus akasonya, akaacha hata kibuyu chake, akakata njia katikati ya utupa ambao Severina alikuwa ameupanda kufukuza fuko.

Jikoni, Severina aliusuuza mchi uliogandwa na majani ya utupa mabichi, mchi ule ule aliokuwa akikomea mlango kila Kalinga aliporudi amelewa. Kwao Igawa, mama yake huyatwanga majani hayo akayamwaga bwawani, samaki wakaelea, na jioni nyumba nzima ikawala mpaka mifupa, bila mtu kuumwa hata tumbo.

Akainua kibuyu cha Liberatus, akanywa hadi tone la mwisho.