Mwiko wa Kushoto

Nilipozima mashine ya kukodi, niliona alama za mwiko wa mwashi kwenye sakafu ya karakana.

Mashine ile hurusha chembe za chuma zinazokwangua rangi ya zamani ili mpya ishike. Nilihofia saruji ingebomoka, tuivunje yote. Wapi! Rangi ilitoka, saruji ikabaki ngumu kama jiwe.

Nilipiga magoti. Alama zilikuwa nusu duara, moja juu ya nyingine, kama magamba ya samaki. Nilizifuatisha kwa mkono wa kulia, lakini zote zilipinda upande wa pili. Aliyelainisha sakafu hii alitumia kushoto.

Marehemu baba, aliyesifiwa mtaa mzima kwa sakafu hii, alitumia kulia. Tena alizoea kututania, "Mama yenu anajua mwiko wa jikoni tu."

Mama alikuwa mlangoni, ameshika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

Akacheka. "Mwiko ni mwiko tu, mwanangu. Ila kona ile ipitie taratibu. Nilikuwa na mimba yako, sikuweza kuinama vizuri."