Taa Ndogo Chini ya Kitambaa

Fundi Shomvi alikiondoa kitambaa cha kutarizi, akaifunua kompyuta mpakato ya marehemu na kubonyeza vitufe. Feni ilivuma, lakini kioo kilibaki cheusi.

"Linux, programu inayoiendesha mashine hii, huilaza vizuri, Bi Tunu. Kuiamsha ndiyo kazi. Nimejaribu kila njia, imebaki kuizima kwa nguvu."

"Na alichokuwa akikiandika mume wangu?"

"Kama hakukihifadhi, kinapotea."

"Basi iache ilale."

Shomvi akaufunga mfuniko. Taa ndogo ubavuni ikaanza tena kufifia na kuwaka, kama pumzi ya aliyelala.

"Betri imekufa, mama. Umeme ukikatika, itazimika yenyewe."

Bi Tunu alirudisha kitambaa, akakunja pembe moja ili taa ionekane. Juu yao, mwanga wa balbu ya sebuleni ukachezacheza.