Kijiko Chenye Taya

Tangu apatwe na kiharusi, Ngoda hakuwa ametia mguu mjini. Siku hiyo alikuja na mkewe, Mwajabu, kununua kijiko cha mbele cha trekta lao dogo.

Muuza mashine aliwaonyesha viwili. Kimoja kilikuwa cha kawaida, cha kuchota mchanga na samadi. Cha pili kilifunguka kama taya. Kilichota, kilisawazisha ardhi, na kiliweza kubana gogo na kulinyanyua.

"Cha kawaida kinatosha," Ngoda alisema. "Magogo nitabeba mwenyewe."

Mwajabu aliutazama mkono wa kushoto wa mumewe. Asubuhi ile, yeye ndiye aliyeupitisha kwenye shati.

"Baba Siwema," alisema kwa upole, "magogo yote ya mwaka huu nimeyabeba mimi, na mgongo unaniuma. Nichukulie hiki cha taya."

Ngoda alijua vizuri kwamba magogo ya mwaka huu yalibebwa na majirani.

"Haya, Mama Siwema," alisema. "Tukichukue, kwa ajili ya mgongo wako."

Muuzaji alimkaribisha kukijaribu kwenye trekta lililokuwa pale uani. Ngoda alipanda polepole, akaketi, akashika mpini kwa mkono wa kulia. Taya zikashuka, zikafunguka, zikalibana gogo lililowekwa kwa majaribio, na gogo likapaa juu ya vichwa vyao.

Hakulishusha. Alikuwa akimtazama mkewe, na mkewe akimtazama, huku maganda makavu ya mti yakidondoka taratibu katikati yao.