Mlango Tasa

Siku hizi kila mlango una namba ndefu, na humfungulia mtu ambaye namba yake inaigawa ile bila kubakiza. Mtoto akizaliwa hupewa namba inayougawa mlango wa kwao. Akikosa namba, hafunguliwi popote, iwe zahanati, shule au kwao. Mlango wetu haugawanyiki. Maafisa wa namba wanauita mlango tasa.

Afisa wa namba alitukuta barazani. Mke wangu, Mwanahawa, alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mama, nyumba hii ni tasa," akasema. "Mtoto hana namba."

"Tasa mwenyewe!" Mwanahawa akamrukia. "Humu tumboni nimeweka boga?"

"Ni lugha ya hesabu tu, mama. Namba yenu inagawanyika kwa yenyewe na kwa moja, basi. Ile yenyewe mnatumia nyinyi wawili, na namba moja mwisho watu wawili."

"Basi moja ni ya huyu. Andika."

"Moja hapewi mtu! Moja inagawa kila namba. Atafunguliwa milango yote ya mji huu."

"Hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka," nikasema.

Akaondoka bila kuaga.

Leo nimeung'oa mlango wetu kwa bisibisi, nikaulaza uani, kuku wanaukalia. Nyumba iko wazi. Majirani wanapita wakichungulia, na mmoja amerudi kuniuliza kwa sauti ya chini bisibisi nilinunua wapi.

Mwanahawa ameanza kushikwa na uchungu. Mlango wa zahanati ni wa chuma. Nimekwenda kuutazama, na skrubu zake ni kama za kwetu.