Damu ya Mtu Msafi

Kwa mujibu wa mashine ya Swarupa, mpimaji damu wa maabara yetu, wagonjwa arobaini wa ini walikuwa wazima kuliko mtu mwenye afya. Hata wale waliokuwa wakimezeshwa vidonge vya unga mtupu visivyo na dawa.

Waswisi hawakucheka. Wao ndio wenye dawa inayojaribiwa, nasi wa Hyderabad ndio wapimaji wao, kwa kuwa huku kazi ni nafuu na "ndiyo, bwana" hutolewa bure. Waliandika mistari miwili tu: aliyechanganya chupa za damu apatikane kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi inahamia Manila.

Mkurugenzi wetu, Bwana Raghunandan, hakuona haja ya kungoja Ijumaa. Alishuka maabara akitafuna ladu, kitonge chake kitamu cha nne tangu asubuhi, samli ikimng'aa vidoleni.

"Binti, si unasomesha wadogo zako wawili?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi waambie watafute kazi. Umechanganya chupa."

"Sijachanganya! Nimerudia mara tatu. Chupa za wagonjwa hazina neno. Tatizo ni ile ya kulinganishia."

"Ile?" Alicheka mpaka tumbo likagonga meza. "Ile usiiguse kabisa!"

Utaratibu ulitaka damu ya watu kumi wenye afya. Raghunandan, mcha Mungu na mbana matumizi, aliona kumi ni israfu. Mmoja msafi angetosha. Chupa ikabandikwa namba tu, maana jina la mtoaji ni siri, na siri tunazitunza vizuri kuliko damu.

"Mwenye damu ile hajaonja pombe tangu azaliwe," alifoka. "Nyama haijui, yai halijui. Anafunga mara mbili kila mwezi. Ini lake lingefaa kuwekwa hekaluni!"

"Ini halisali, bosi." Swarupa alikigeuza kioo cha mashine kimwelekee. "Lile limejaa mafuta, na sasa limeanza kukakamaa. Nifukuze ukitaka, lakini mtu huyo atafutwe leo hii. Anaumwa kuliko hao arobaini wote."

Raghunandan alivuta kiti, akakaa taratibu. Akaitazama ile namba ya chupa kwenye kioo cha mashine, akarudia kuitazama.

"Swarupa, mwanangu," alisema, yeye ambaye hakuwahi kumwita kwa jina, "nimebakiwa na muda gani?"