Sambusa Chini ya Kochi

Abshiro alikuwa amepiga magoti sebuleni, akiisukuma sambusa ya mwisho chini ya kochi, kengele ya mlango ilipolia.

"Mama, ni yeye!" Nimo akaita kutoka jikoni. "Please, leo usimtukane Biskuti mbele ya mkaguzi."

"Nimemtukana lini?" Abshiro akajibu, akijipangusa mafuta kwenye gauni lake la dira.

Small Heath nzima, mtaa wao wa Birmingham, ilikuwa imeyasikia matusi hayo. Mbwa, ndani ya nyumba ya mwanamke anayeswali swala tano! Tangu bintiye amlete, Abshiro hakuwahi kumgusa hata unywele. Nimo akitoka, alimtoa nje mwenyewe, eti asije akamchafulia nyumba. Alinasa mpini wa mwavuli kwenye mkanda wa mbwa, akashika ncha ya pili, wakapita hivyo Coventry Road, jua au mvua, akimfokea kwa Kiswahili chake cha Isiolo: "Polepole! Simama! Wacha hiyo nyama, najisi wee!" Wauza nguo walitoka madukani kuja kucheka.

"Simgusi, hanigusi," aliwaambia. "Mwavuli ndio mpaka wetu, na ole wake aulambe."

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Serikali ilitaka kila anayefundisha mbwa wa kuongoza wasioona awe na kibali, na Nimo alikuwa ameiaga kazi ya ghalani kwa ajili hiyo. Biskuti akifaulu, Nimo angepata kibali, na kesho yake mbwa angehamia Erdington kwa Mzee Barnabas, ambaye haoni. Akifeli, Nimo angerudi ghalani kubeba maboksi, na mbwa angebaki pale pale.

"Kesho akiondoka utapumzika, mama," Nimo alikuwa amemwambia.

"Alhamdulillahi. Msichana amesoma hadi chuo kikuu, halafu afuate mkia wa mbwa?" Kisha Abshiro akaenda kukanda unga wa sambusa. Nyama hakuifanyia ubahili.

Mkaguzi aliitwa Kirandeep, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa hakijaota kutu. "Habari ya hapa, mama? Nimeanza kusikia harufu ya sambusa nikiwa bado barabarani!"

Abshiro akampenda papo hapo, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Akammiminia chai ya maziwa, kidole chake kikiwa kimeingia ukingoni mwa kikombe.

"Mama, kidole!" Nimo akanong'ona kwa aibu.

"Kidole changu ni kisafi kuliko cha mwenye mbwa."

Jaribio likaanza. Kirandeep akajifunga kitambaa machoni, akashika mkanda, na Nimo akamwamuru Biskuti ampeleke hadi mlango wa mbele. Njia ilipita kando ya kochi, kisha kando ya kiti ambacho Abshiro alikuwa amekitega katikati ya ukumbi.

Abshiro akatega sikio. Kucha za mbwa ziligonga sakafu ya mbao, zikafika kochini, zikasimama. Kula, akamwomba kimoyomoyo. Kula, mwanangu.

Kucha zikaendelea. Kochi likapitwa, kiti kikapitwa, mlango ukafikiwa.

"Mama!" Nimo alikuwa ameinama kochini. "Nani ameweka sambusa huku?"

"Labda panya."

"Panya wa Birmingham wanapika sambusa?"

Kirandeep akavua kitambaa akicheka. "Nimesikia alivyosimama. Amenusa, na hakugusa. Nani alimfundisha kuacha nyama hivyo?"

"Mimi," Nimo akasema, lakini kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

Abshiro akauma mdomo. Wacha hiyo nyama, najisi wee, kila asubuhi mbele ya bucha. Ulimi uliponza kichwa.

Akainuka kwenda jikoni na hasira zake. Kiti kilikuwa bado pale ukumbini. Biskuti akaja mbio, akajitupa kati ya miguu yake na kiti, akalala akikinga njia.

"Toka njiani, najisi wee!"

Mbwa hakutoka. Abshiro akamzunguka akimlaani yeye na ukoo wake wote, akaingia jikoni, akarudi vilevile, mbwa mbele na laana nyuma.

Kicheko cha Kirandeep kilikuwa kimekatika.

"Nimo," akasema hatimaye, "kibali umepata. Hongera."

Nimo akapiga kigelegele. Abshiro akasema mashallah, na kweli alifurahi kwa ajili ya mtoto wake.

"Lakini huyu hatakwenda Erdington," Kirandeep akaendelea. "Mzee Barnabas utamfundishia mwingine. Biskuti ana mtu wake tayari."

"Mtu gani? Hapa tupo mimi na mama tu, na mama hata kumgusa hataki."

Abshiro akasikia hatua za Kirandeep zikija karibu, karibu kabisa, zikasimama. "Haya, mama, mimi naaga."

"Karibu tena, mwanangu. Sambusa zipo, na si za chini ya kochi."

Mgeni hakuondoka wala hakusema neno. Abshiro hakukielewa kimya kile. Akazidi kutabasamu, kama mwenyeji anavyopaswa.

"Mama." Sauti ya Nimo ilikuwa imegeuka ndogo. "Mama, mgeni amekunyooshea mkono. Amekunyooshea muda wote huu."

Kucha zikagonga sakafu hadi kwenye pembe ya mlango, zikarudi. Kitu kikamgusa Abshiro kiganjani: mwavuli, umelowa mate. Akaukamata kwa mikono yote miwili, na neno najisi halikumtoka.