Mshono wa Gunia

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kila nyumba ilikuwa na jeshi lake la kulisha kwa magunia ya nafaka. Wengi hawakujua kuandika, hivyo makarani wa kila jeshi walikata kipande cha mdomo wa gunia na kukihifadhi kama kumbukumbu ya aliyelileta, maana kila mama alikuwa na mshono wake.

Nyamizi alikuja kwenye chumba cha nyaraka kutafuta mshono wa marehemu mama yake. Lugendo, mtunza nyaraka, akamfungulia kabati la jeshi la serikali. Nyamizi hakuhangaika kuutambua: uzi wa katani uliorudi nyuma kabla ya kwenda mbele, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Ni huu. Kaka yangu Kasoga alipigana upande huu."

"Ulikuwa na kaka mmoja tu, mama?"

"Lufunga alikwenda na waasi. Mama hakulitaja tena jina lake mpaka anakufa."

Lugendo akafungua kabati la waasi. "Hebu tazama na humu. Taratibu tu."

Kidole cha Nyamizi kilipita juu ya vipande, kikasimama. Mshono ulikuwa uleule. Ila hapa mama alikuwa ameupitisha mara mbili, kama mtu afungaye gunia la safari ndefu, asitake hata punje moja idondoke njiani.